Lenzi Kuukuu: Umanjano na Mandhari Yanayozunguka

Swali: Nimerithi lenzi mbili za kamera ya filamu, Super-Takumar ya milimita 50, f/1.4, na Helios 44-2 ya milimita 58. Mbona ya kwanza inatoa picha za manjano, na ya pili huyafanya majani ya nyuma yaonekane kama yanazunguka?

Jibu: Umanjano huo si uchafu, hivyo tafadhali usijaribu kuusugua. Baadhi ya Super-Takumar za aina hiyo zilitiwa kioo chenye toriamu, metali yenye mnururisho, ambayo hukiwezesha kupinda mwanga kwa nguvu zaidi, lakini mnururisho wake hukigeuza rangi kadiri miaka inavyopita. Iweke lenzi dirishani penye jua kwa wiki kadhaa, nyuma ukiwa umeifunika, maana miale ikikusanyika yaweza kuunguza kitu. Umanjano utapungua. Kwenye filamu ya rangi nyeusi na nyeupe hauna madhara makubwa.

Helios, iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti kwa kufuata muundo wa Biotar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Carl Zeiss Jena, tundu lake la mwanga likifunguliwa hadi f/2 (namba ndogo ni tundu kubwa) huvibana vidoa vya mwanga vya pembeni vikawa kama macho ya paka, navyo hujipanga kuizunguka sura unayoipiga. Ukipunguza tundu hadi f/5.6, mzunguko hutoweka. Kwa picha za watu, mimi ningeuacha ubaki.