Yaya, dokta alisema mtoto yangu ako na otisme

BARUA

Yaya, dada yangu mkubwa, nakusalimia sana. Mimi ni mama wa Kadutu, hapa Bukavu, nauzishaka vitenge ku soko ya Nyawera. Niko na mtoto wa kiume wa miaka tatu na nusu, ni wa pili, dada yake ana miaka saba na yeye hana shida. Huyu mdogo, mbele hata afikishe miaka mbili, alikuwa anasema "mayi" na "tata", kisha ikapotea, paka kimya. Ukimuita jina haangalie, ata umuite mara kumi, lakini ukifungua sashe ya biskwi mu chumba ingine anakuja mbio. Anapenda vifuniko za chupa, anazipanga chini toka kitanda mpaka mlango, ukisogeza kimoja analia mpaka anatapika. Akitaka kitu anashika mkono yangu ananivuta mpaka pale kiko, haniangalie mu macho, sawa vile mkono ni ya kwake. Motari akipita anaziba masikio. Kula ni mchele na mandazi tu, sombe (majani ya muhogo) hapana, sambaza (samaki wadogo) hapana.

Wiki tatu imepita, dokta wa watoto alimuangalia muda mrefu, akatuuliza maulizo mingi, kisha akasema ni otisme. Kisha neno ile sikusikia tena kitu ingine alisema. Toka siku ile silale. Nafikiria masasi (risasi) ya vita ya mwezi wa pili 2025, tulilala chini ya kitanda siku mbili na yeye kifuani, labda ni ile woga njo ilimuharibu. Ama ni juu nilirudi ku soko akiwa na miezi tatu nikamuacha na mtumishi. Bwana yangu ako Kamituga ku dhahabu, ku telefone anasema kwao hakunaka mtoto wa vile, basi ni kwetu ilitoka. Mama mkwe anataka nimpeleke ku chumba ya maombi alale kule siku tatu bila kula. Na ku maternele, shule ya watoto wadogo, walimrudisha kisha siku nne. Yaya, nilikosea wapi? Na atapona?

JIBU

Mdogo yangu, naanza na hiyo "nilikosea wapi" juu naona njo inakukatalia usingizi. Hukukosea. Soma tena barua yako mwenyewe: unasema maneno ilipotea mbele afikishe miaka mbili, na masasi ilikuja nyuma, wakati ule alikuwa amepita miaka mbili na nusu. Woga ya siku zile ilitupiga sisi wote, na mtoto mwenye masikio ya vile ilimpiga zaidi, lakini si yenyewe ilileta otisme. Hiyo ya kupata maneno mbili tatu kisha yanapotea, karibu na mwaka na nusu ama miaka mbili, watoto wengi wa otisme wamepitia pale, ata mu inchi hazijasikiaka risasi.

Otisme (wandugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaitaka usonji) ni ubongo wenye kujengwa kwa namna yake, na inaanza mtoto akiwa bado mu tumbo. Kwa sehemu kubwa ni mambo ya urithi. Lakini mwambie baba yake, kwa upole, urithi unatoka kwa baba na kwa mama, na mara ingine ni badiliko mupya kabisa ambalo baba hana na mama hana, linaanzia kwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo kutafuta ilitoka jamaa gani ni kazi bure na inavunja nyumba.

Na ile ya kurudi ku soko, acha kabisa. Nikuambie kitu, juu mimi nilipoisoma nililia. Dokta mwenye kuandika kuhusu otisme wa kwanza kwanza kule Marekani, Leo Kanner, mu 1943, aliandika juu ya watoto 11, na alisema pia wazazi wao ni watu wa baridi. Kisha akatokea mwengine, Bruno Bettelheim, akaeneza kabisa kwamba ni mama njo wanaharibu watoto kwa kukosa upendo. Wakawaita mama wa frigo. Wazia, mama anatoka hospitali na mtoto mgongoni na hiyo jina juu. Mu 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia, na yeye mwenyewe baba ya mtoto wa otisme, akaandika kuonyesha kwamba ile ni uongo, tatizo ni la mwili si la upendo, na wanasayansi wakamfuata. Sasa wewe wa Nyawera unataka kujirudishia frigo leo? Ulienda kutafuta chakula ya watoto wako. Basi.

Kwa sababu wengine watakuambia ni chanjo, nakujibu mbele uulize: hapana. Mwingereza moja Andrew Wakefield aliandika vile mu 1998 juu ya watoto 12, gazeti ya madokta ikaifuta ile kazi mu 2010 na yeye akanyanganywa ruhusa ya udokta. Mu 2019 Danemark walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000, wenye kuchanjwa surua na wasiochanjwa, otisme haikuongezeka kwa wenye kuchanjwa. Na mwaka ule ule njo surua ilikuwa inamaliza watoto hapa Kongo, zaidi ya 6,000 walikufa mu ile epidemi. Peleka watoto ku chanjo.

Atapona? Sitakudanganya. Otisme si malaria, hakuna kidonge chake wala sindano wala mzizi, na mwenye kukuuzishia dawa ya otisme anakula pesa yako ya vitenge. Lakini mtoto anakua, anajifunza, anabadilika, na kesho yake hakuna anayeijua leo, dokta ajue ama nani. Yule mtoto wa kwanza mu kazi ya Kanner, anaitwa Donald Triplett, mu 1937 wazazi walishauriwa wamuweke mu sentre mbali na nyumba, kisha karibu mwaka moja wakaenda kumchukua. Akakua, akafanya kazi ku banki, akaendesha gari, akatembelea inchi mingi, akafariki mu 2023 na miaka 89. Na kijana yangu mimi, wa miaka 16, hana maneno ishirini. Sikuambii ya Donald ili ungoje banki. Nakuambia ujue mlango haijafungwa, na ata mwenye maneno ishirini ana maisha yake. Wangu ananipangia matomate ku meza, mafungu ya tano tano, na ukiweka fungu ya sita anakurudishia moja mu mkono.

Sasa kazi. Mambo mbili kwa dokta kwanza, kama haijafanyika: omba wampime masikio, ata kama biskwi anaisikia, juu mtoto anaweza kusikia sauti fulani na kukosa zingine. Na uulize kuhusu kifafa, inakuwaka zaidi kwa watoto wetu. Ukiona anakaza macho na hayupo, ama anatikisika, usingoje. Hapa Bukavu kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, na najua mtu akisikia SOSAME anafikiria wazimu tu, mimi pia nilipita mara mbili mbele ya mlango bila kuingia, lakini kifafa pia wanaitunza kule.

Ingine yote inaanzia chini, ku simenti, na vile vifuniko. Usimnyanganye. Kaa chini na yeye, si mbele yake kama mwalimu, pembeni. Kusanya vifuniko vyote mu sahani yako halafu umpe kimoja, yeye anapanga, unampa kingine, anapanga. Kisha cha tano shika mu mkono karibu na uso yako na ungoje. Usiseme sema, usiseme niangalie. Hesabu ndani ya roho mpaka kumi, ni ndefu sana kumi ile. Akikuangalia ata kidogo, ama akigusa mkono, ama akitoa sauti, sema neno moja tu, "kifuniko!", na umpe papo hapo. Siku za kwanza wangu alivuta mkono akakasirika akaenda zake. Siku ya tisa alinitazama mu macho, labda sekonde moja, na nilisahau kumpa. Dakika kumi asubuhi, kumi mangaribi, dada yake pia anaweza, watoto wanafanyaka vizuri kutushinda. OMS yenyewe (Shirika la Afya Duniani) ina programu ya kufundisha wazazi wenye watoto wa miaka 2 mpaka 9 wenye kuchelewa, na mambo yenyewe ni haya: mchezo wa nyumbani, kazi za kila siku, kungoja. Hazihitaji dolari.

Yule mkono anavuta, ile ni lugha. Ongezea foto. Piga na telefone kikombe chake, bidon ya mayi, choo, kitanda, mandazi, wapigafoto wa barabarani wanakutolea kubwa kama za kitambulisho, weka skoci zisilowane, tundika karibu na mlango. Akikuvuta ku mandazi, chukua mkono yake aguse foto, sema "mandazi", mpe. Watakuambia foto zitamfanya mvivu wa kusema, si kweli, mara mingi zinafungua njia. Na walimu wakikuambia acha Kiswahili na Mashi umsemeshe Kifaransa tu, kataa. Lugha mbili haziongezi otisme. Msemeshe ile ya kumbembeleza usiku, juu ile njo inatoka na uso yako yote.

Chakula, usimlazimishe. Weka kipande kidogo cha kitu mupya pembeni ya sahani, si juu ya mchele, na umuache akidharau. Mara kumi, mara ishirini. Sambaza yetu ilikaa pembeni ya sahani miezi sita.

Kelele: soko mpeleke asubuhi mapema mbele ijae, na kaske ya masikio kama unaipata ku vitu vya okazio. Na akilia barabarani watu wakiangalia, wewe uangalie mtoto.

Kitu kimoja kinaniogopesha kwa ajili yako ni mayi. Watoto wetu wengi wanatoka nyumbani bila kusema, na mayi inawavuta, na kwa wale wanaokufa wakitoka vile, kuzama njo kunaua wengi. Kadutu iko juu lakini mtoto anateremka, na chini ni ziwa, ni mto Ruzizi, ni mifereji wakati wa mvua. Tia kifungio juu ya mlango ile hafikie. Shona namba yako ndani ya kola ya kila shati, kwa uzi, si kalamu. Zunguka paseli yote, ata kwa yule hamuongee, useme: mtoto huyu hasemi, ukimuona peke yake mshike, nipigie. Wangu alipotea muda wa masaa tatu na mtu wa kutengeneza pneu njo alimrudisha, alisoma ile kola.

Kwa mama mkwe. Mimi naomba kila asubuhi, sitakuambia usiombe. Lakini mtoto wa miaka tatu siku tatu bila kula si maombi, ni hatari ya kifo, na kule mtu akitamka neno uchawi juu ya mtoto ni vigumu kuliondoa tena mu vinywa vya watu. Katiba yetu ya 2006, artikle ya 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya 10 januari 2009 ya kulinda watoto pia. Usianze na sheria lakini, yeye ni koko wa mtoto na anaogopa kama wewe. Mwambie: "Mama, tuombe hapa nyumbani, wewe umshike, akiwa ameshiba." Kisha umpe vifuniko akae chini na yeye. Akikataa na akitaka kumchukua kwa nguvu, pale useme hapana, na usirudi nyuma.

Baba yake, naye yuko mbali na analaumu sababu hana kitu cha kufanya. Mpe kazi. Mtumie video ya vifuniko, dakika moja, si ya kilio. Muombe akirudi atengeneze kile kifungio cha mlango mwenyewe. Bwana yangu alikaa mwaka moja bila kutaja neno otisme, kisha siku moja akapindua velo chini juu, juu alimuona kijana anapenda kuzungusha gurudumu, wakakaa pale wawili mpaka giza. Hakuna kitu nilisema.

Maternele, tafuta ingine, ndogo, na uombe asubuhi mbili kwa wiki, muda wa saa moja tu, na wewe ndani. Mbele uingie mwambie direktrisi mambo tatu tu: anapenda nini, nini inamliza, na namna ya kumtuliza. Wa nne njo alinikubalia mimi.

Na ulie. Wiki tatu ni kidogo sana. Lakini lia na mtu, si chini ya shuka peke yako.

BARUA FUPI

Yaya, mimi ni baba wa Panzi. Mdogo ana otisme, sawa tumezoea, lakini mkubwa wa miaka 9 anachekwa ku masomo, wanamuita ndugu ya bubu, na sasa hataki tutembee wote ku misa. Nimpige?

JIBU

Hapana baba, usimpige. Ana haya na anajichukia juu ya ile haya, ni mzigo mukubwa kwa miaka tisa. Mchukue yeye peke yake jumamosi moja, nyinyi wawili tu, mutembee mpaka Labotte mule mahindi ya kuchoma, na musiongee kuhusu mdogo mpaka yeye aanze. Akianza, mpe sentensi ya kujibia wenzake, fupi, ya kinywa chake: "Anasikia, hasemi tu." Mufanye mazoezi njiani, wewe ukiwa wale wa kuchekelea. Jumapili akikataa kutembea na nyinyi, atangulie na mama, nyinyi mufuate.