Jibu: Hesi za krankshafti ya Vespa PX zimeharibika, nati ya magneti haiingii

Habari mkuu. Kwa hiyo ncha ya krankshafti (mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni) ya skuta yako iligongwa nyundo wakati wa kung'oa magneti (gurudumu lenye sumaku linalofungwa kwenye ncha hiyo), na sasa nati inashika kidogo kisha inagoma. Usiilazimishe.

Kwanza osha hesi (mifereji ya kufungia nati) kwa petroli na brashi ya waya, uangalie kama zimeumia nchani tu au mpaka ndani. Mara nyingi ni ncha tu, za ndani ziko nzima. Hapo dai ya kawaida (kifaa cha kukatia hesi) ni ya hatari, maana inaanzia pale palipoharibika na ikikaa upande inakata njia mpya. Mimi huchukua nati nzuri ya saizi ileile, naipasua katikati kwa msumeno wa chuma, navifunga vile vipande viwili kwenye hesi nzima za ndani, nabana kwa praiz, natia oili, halafu nafungua kuelekea nje. Robo mzunguko, rudi, robo tena. Ziba sili na beringi kwa kitambaa, unga wa chuma usiingie.

Kama hesi zimenyolewa kabisa, mpelekee fundi wa kukereza apunguze ncha na kukata hesi ndogo zaidi, atengeneze na nati yake. Kuchomelea sikushauri, moto unapindisha.

Halafu pima kama krankshafti bado imenyooka. Vipande vyake vimeunganishwa kwa kushindiliwa, nyundo huvihamisha. Safari ijayo tumia pula (kifaa cha kung'olea magneti), ile inayojifunga kwenye hesi za katikati ya magneti.