Hilux ya zamani inaua betri na taa zinapepesa: pima masi kabla ya kununua alteneta

Ndugu yangu wa Ndosho, hapa Goma, nimesoma taabu yako: Hilux ya dizeli ya miaka ya tisini, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, usiku ukiweka indiketa taa za dashibodi nazo zinapepesa, na ile taa nyekundu ya betri haizimiki kabisa, inabaki na mwanga hafifu. Betri umekwisha badilisha mbili, na sasa garaji inakwambia tatizo ni alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka.

Usitoe pesa bado. Alteneta inaweza kuwa mbovu kweli, sikatai, lakini indiketa ikivuta taa za dashibodi, mara nyingi chanzo si alteneta. Hiyo huwa ni masi, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye betri kupitia injini, bodi na shasi. Njia hiyo ikiziba, umeme haukai tu ukisubiri. Unapita kwenye taa ya jirani, kwenye kebo ya kanyagio la mafuta, popote penye chuma.

Mimi nina Hilux ya rika hilo, yenye injini ya aina ya 3L (ni jina la injini, si lita tatu), nabeba mizigo kati ya Kituku na soko la Virunga, na gari hizi kwa hapa Goma nazifahamu. Barabara zetu za mawe ya lava hulegeza kila bolti, vumbi jeusi huingia kila plagi, halafu mvua inakuja. Tena mvua yenyewe si maji matupu: moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa, ikichanganyika na mvua inakuwa asidi. Wote tunaona mabati yanavyoliwa. Terminali ya betri itapona vipi?

Anza na jaribio lisilo na gharama. Chukua kebo ya kuazimia umeme, ile tunayotumia kuwasha gari kwa betri ya mwenzako. Upande mmoja ubane kwenye hasi ya betri yako, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni na mikanda. Washa gari. Kama stata inazunguka kwa nguvu kuliko kawaida, umepata mgonjwa wako: ni waya mnene wa masi kati ya betri na injini. Kisha hamisha ule upande wa pili uubane kwenye bodi, uweke indiketa na taa kubwa pamoja. Kama dashibodi imetulia, basi masi ya bodi nayo imekufa.

Usidanganywe na waya kwa kuutazama. Wa kwangu kwa nje ulikuwa mzuri, plastiki haina hata mkwaruzo. Nilipouchana kwa kisu karibu na kichwa cha terminali, ndani nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, na penye kibanio ukatoka unga wa kijani. Niliukunja kidogo tu, nusu ya nyuzi zikakatika mkononi. Na ule mkanda wa nyuzi zilizosukwa, unaotoka injini kwenda ukuta wa nyuma ya injini, wengi hawaurudishi wakishatoa injini. Fungua kapo (boneti) uone kama upo.

Ukiwa na multimita, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Chomoa waya mdogo wa solenoidi ya mafuta (swichi ya umeme inayofungua na kufunga mafuta) kwenye pampu ya dizeli ili injini isiwake, na uufunge kwa skochi usiguse chuma. Ncha nyeusi iweke juu ya nguzo yenyewe ya hasi, si juu ya kibanio, na nyekundu kwenye chuma cha injini. Mwenzako azungushe stata. Ikisoma juu ya volti 0.3, masi haifai, hata kama fundi anaapa.

Sasa alteneta. Gari limelala usiku kucha, betri iliyojaa inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha. (Ukienda kununua betri, pima kabla ya kulipa. Nyingine zimekaa dukani muda mrefu bila chaji, unauziwa mpya iliyokwisha choka.) Washa injini, weka taa kubwa, pima kwenye betri: iwe kati ya 13.8 na 14.5. Kisha pima kwenye alteneta yenyewe, kwenye ile bolti ya waya mnene, ncha nyeusi ikiwa kwenye mwili wa alteneta. Ukipata 14.3 pale na 13 kwenye betri, alteneta inafanya kazi yake, umeme unapotea njiani. Lakini kama hata pale ni 13 na injini inanguruma, hapo garaji wana haki.

Ile taa nyekundu hafifu ndiyo inanifanya nisiiondoe alteneta kwenye lawama. Mara nyingi ni diodi inayovuja (kile kijisehemu ndani ya alteneta kinachozuia umeme kurudi nyuma), na diodi hiyo hiyo inaweza kunyonya betri usiku. Hakikisha: zima kila kitu, funga milango, toa kibanio cha hasi, weka multimita ya ampea kati ya kibanio na nguzo. Usiguse ufunguo wakati huo, utaunguza multimita. Gari la rika hilo likivuta zaidi ya miliampea 50, kuna mwizi. Chomoa fyuzi moja moja. Zikiisha zote na bado linavuta, toa multimita, fungua waya mnene wa alteneta, uufunge kwa skochi, pima tena. Namba ikianguka, ni diodi. Isipoanguka, tafuta redio, alamu na taa za nyongeza ambazo mwenye gari wa kwanza aliunga moja kwa moja kwenye betri. Hilo nimeliona kwenye magari mengi ya hapa kuliko diodi.

Jambo moja ambalo mafundi wa haraka hawakwambii. Kwenye dizeli hizi, nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu, na ndiyo inayosaidia breki. Sili yake ikichoka, mafuta ya injini yanaingia ndani na kuchafua brashi. Ukikuta alteneta imelowa mafuta, kuibadilisha bila kushughulikia sili ni kuja tena baada ya muda mfupi. Na alteneta ikishatolewa, usiliendeshe gari hata kwa kuazima betri: kanyagio la breki litakuwa gumu, na miteremko ya kuelekea ziwa unaijua.

Ukikuta pia kwamba fyuzi kubwa ya karibu na chanya ya betri imebadilishwa kwa kipande cha waya wa kawaida, irudishe ya kweli kabla ya lolote. Waya ule hauungui, kinachoungua ni gari.

Vibanio vioshe kwa maji ya moto yenye magadi, vikauke, vikaze, upake grisi juu. Kisha niletee namba nne: betri asubuhi, betri injini ikiwaka, alteneta yenyewe, na ile ya masi stata ikizunguka.