Kwa nini picha ya zamani ilitoa chenga na ya sasa huganda

Ndugu uliyeuliza kwa nini televisheni ya zamani ilionyesha chenga lakini picha ikaendelea kuonekana, ilhali ya sasa mawimbi yakipungua huganda ghafla, nitakujibu kwa yale niliyoyaona katika miaka yangu ya kutengeneza redio na vikuza sauti.

Katika mfumo wa analojia, umeme hupanda na kushuka kwa kufuata sauti au mwanga wenyewe, bila kuruka hatua. Umbo la umeme ndiyo habari, kwa hiyo chochote kinachoharibu umbo hilo huharibu na habari. Nilikuwa na redio iliyokuwa ikikwaruza kila ulipozungusha kitufe cha sauti. Ndani ya kitufe kuna utepe wa kaboni wenye umbo la kwato, na juu yake huteleza kijiulimi cha chuma. Nilipoiunganisha na osiloskopu, chombo kinachochora umbo la umeme kwenye kioo, na kuzungusha polepole, niliona mstari laini ukichomwa na miiba midogo kila kijiulimi kilipopita juu ya vumbi, na kila mwiba nikausikia kwenye spika. Kikuza sauti hakiwezi kujua kipi ni muziki na kipi ni uchafu. Vyote hukuzwa pamoja.

Dijitali, inayobeba habari kwa sifuri na moja tu, hukata shauri. Katika saketi za TTL, aina mojawapo ya saketi za dijitali, zinazotumia volti 5, chini ya volti 0.8 husomwa sifuri na juu ya volti 2 husomwa moja. Volti 4 ikifika ikiwa imechakaa hadi 3, bado ni moja, na saketi inayofuata huiandika upya ikiwa safi. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, si katika utamu wa sauti kama wengi wanavyodhani.

Hata hivyo, sauti haizaliwi ikiwa namba, hivyo ni lazima ipimwe. CD huchukua vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila chaneli ya sauti (ya kushoto na ya kulia), na kila kipimo huangukia kwenye ngazi mojawapo kati ya 65,536. Idadi hiyo ya vipimo haikuokotwa tu: sikio la mtu husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde, na upimaji sharti uzidi mara mbili ya hapo. Simu ya kawaida ya dijitali ilitosheka na vipimo 8,000, kwa sababu mazungumzo hayahitaji zaidi.

Sasa turudi kwenye kuganda. King'amuzi hupokea biti (yaani zile sifuri na moja) za ziada zinazokiwezesha kusahihisha makosa, kwa hiyo mawimbi yanaweza kudhoofika sana na wewe usione dalili yoyote. Makosa yakizidi uwezo huo, picha hukatika vipande vya mraba, kisha husimama. Analojia ingekuonya mapema kwa chenga.

Kwa hiyo usikiharakishie king'amuzi lawama. Fungua ukurasa wake unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, kisha kagua maungio ya waya wa antena, hasa yaliyoota kutu au kuingia maji. Ujumbe ni wa dijitali, lakini umebebwa na wimbi la umeme linalopungua na kuchafuka njiani sawasawa na lile la zamani.