Kwa wanaoanza kupiga jazi ya New Orleans: santuri haikuambii yote

Kila mwaka bendi yetu hapa London hupokea vijana wawili watatu wanaotaka kupiga jazi ya enzi za mwanzo. Wengi huja wamezikariri santuri za bendi ya King Oliver, kiongozi maarufu wa jazi hiyo, noti kwa noti. Bidii hiyo naipenda sana, ila ina mtego.

Santuri za kwanza za bendi ile zilirekodiwa Aprili 1923 katika studio ya Gennett, Richmond, Indiana, kabla maikrofoni hazijaanza kutumika kurekodia. Walipiga mbele ya pembe kubwa ya kunasia sauti, na mtikisiko wa sauti ndio uliosukuma sindano ichore kwenye nta. Ngoma kubwa ingeirusha sindano, kwa hiyo mpiga ngoma wao, Baby Dodds, alibaki kugonga vibao vya mbao. Leo mpiga ngoma mgeni anasikia ko-ko-ko, anadhani ndivyo ilivyokuwa ukumbini. Sivyo kabisa! Msikilize Dodds huyohuyo kwenye rekodi za mpiga tarumbeta Bunk Johnson za 1944, zilizofanyika New Orleans kwenyewe: ngoma kubwa inatembea, ngoma ndogo inanguruma chini ya kila mpigaji.

Mimi napiga tromboni. Nililelewa na tarumbeta za kanisa la Kilutheri, Kilimanjaro, ambako kila mtu ana sauti yake kwenye karatasi. Huku karatasi hakuna, basi nikawa najaza kila upenyo. Mzee wetu wa korneti, ile tarumbeta fupi, akaniambia baada ya wimbo mmoja, kwa upole, "Mwanangu, sijapata pa kuvutia pumzi." Niliumia, na nikaelewa.

Korneti ndiyo inayobeba wimbo. Klarineti inauzunguka kwa juu, tromboni inashika chini na kujibu korneti inaponyamaza. Wiki za mwanzo piga noti moja tu ya msingi kila kodi ya banjo (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inapobadilika. Ukizoea, ndipo uteleze kuifuata noti inayokuja. Na jifunze maneno ya wimbo hata kama hakuna atakayeimba. Kwangu hili linazidi saa nyingi za skeli, yaani kupanda na kushuka ngazi ya noti, maana maneno yanakuonyesha sentensi inaishia wapi.

Mazoezini usikae nyuma ukiangalia vidole vyako. Kaa unapoyaona mabega ya mwenye korneti. Yakipanda, anavuta pumzi. Hapo ndipo pako.