Muulize Mama Mkutubi: Mwisho naujua, mbona bado nalia?

*Shikamoo Mama Mkutubi. Mimi ni mhasibu, mama wa watoto wawili. Usiku wakishalala najifungia na riwaya za mapenzi mpaka macho yanauma. Kaka yangu hunicheka: "Ukisoma moja umezimaliza zote, si wataoana tu?" Kweli, mwisho naujua mapema. Sasa mbona wawili hao wakigombana machozi yananitoka? Nina kasoro?*

Marahaba, mwanangu. Kasoro huna. Kaka yako naye, bila shaka, hutazama marudio ya mechi ambayo matokeo yake anayajua, na bao likiingia bado anaruka kitini. Mwulize anatafuta nini pale.

Maisha yangu yote ya kazi nimekaa kaunta ya maktaba nikipokea vitabu vinavyorudishwa. Riwaya ya upelelezi huchakaa sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Ya mapenzi ukiilaza mezani kwa mgongo wake hufunguka yenyewe, na karibu kila mara hufunguka palepale: kurasa chache baada ya ugomvi mkubwa, pale mmoja anaporudi kusema neno alilolimeza tangu mwanzo. Harusi yenyewe husomwa mara moja tu, kurasa zake zimenyooka kama mpya. Wasomaji wangu wakongwe walikuwa pia na alama zao za siri za penseli, huyu nukta chini ya namba ya ukurasa, yule kimsalaba pembeni, ili wasiazime tena walichokwisha kusoma. Baadhi yao waliiona alama yao wenyewe na wakaazima vilevile.

Mwisho kujulikana ni sharti la kazi hii. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kimeitambulisha kwa mambo mawili tu: penzi liwe kiini cha kisa, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Ukishahakikishiwa hilo, unaweza kuuachia moyo uumie bila woga. Nyumbani ugomvi ukizuka tunajikaza, maana hatujui utaishia wapi. Kitabuni unajua, kwa hiyo unalia. Wala hujiulizi tena kama watapatana. Unajiuliza huyu mwenye kiburi atalitamkaje lile neno alilolimeza.

Halafu kuna hili la mtu kuangaliwa na mwenzake. Chukua tukio la kawaida kabisa katika riwaya hizi: mwanamke anasoma barua yenye habari mbaya, jioni inaingia. Mwanamume hamwulizi kitu. Anainuka, anasogeza taa karibu naye, anarudi kukaa. Mistari mitatu tu, na msomaji anashusha pumzi. Mtu anayeshinda akiwaangalia wengine, kama wewe na hesabu zako na watoto wako, hapo anaona mwenzake akiangaliwa. Mtafiti wa Marekani, Janice Radway, mwaka 1984 alichapisha utafiti wake kuhusu kundi la wanawake waliozipenda riwaya hizi. Walimweleza kwamba kusoma ulikuwa muda wao wenyewe, mbali na madai ya mume na watoto. Hata kusoma kwenyewe kulikuwa sehemu ya raha, ukiachilia mbali kisa.

Kuchekwa, mwanangu, ni jambo la zamani. Samuel Richardson alipotoa *Pamela* mjini London mwaka 1740, kisa cha mapenzi cha mtumishi wa ndani kilichoandikwa kwa barua, watu walikigombania. Mwaka uliofuata tu kikatoka kitabu cha kukikejeli, ambacho wataalamu humnasibisha nacho Henry Fielding. Aliyekejeli alikuwa amekisoma vizuri sana, ukiniuliza mimi.

Sisemi zote ni nzuri. Siwezi kumvumilia yule shujaa tajiri anayemfokea msichana kurasa mia mbili, halafu akasamehewa kwa sababu utotoni alinyimwa upendo. Ukikutana naye, funga kitabu. Zipo nyingine.

*Mama, mimi ni mwanamume na nazipenda. Nazificha chini ya gazeti. Ni aibu?*

Kaka, wateja wangu wanaume walikuwa wakisema "namchukulia mke wangu", kisha wiki inayofuata wanakuja wenyewe kuuliza kama sehemu ya pili imeshafika, na huyo dada wa shujaa naye ataolewa na nani. Niliwaandikia kadi bila kucheka. Soma. Hilo gazeti lisome pia, likikupendeza.

*Mke wangu amezama kwenye riwaya hizi na nahofia ananilinganisha na wanaume wa humo. Nimkataze?*

Usithubutu. Kwanza utamfanya asome kwa kujificha, kama huyo bwana wa hapo juu. Pili, wanaume wa humo wana majumba na farasi, naye anajua fika kwamba farasi huna, hilo halimsumbui. Kama kuna anachokilinganisha, huenda ni kile kisa cha taa. Akiweka kitabu chini, mwulize wamefikia wapi. Akianza kukusimulia itakuwa ndefu, kuna binamu mwenye hila na barua iliyopotea, basi simu yako iweke mbali na usikilize mpaka amalize.