Mwanangu, kuhusu yule mzee wa kituoni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mzee alianguka kituoni asubuhi, watu wamejaa, kila mmoja akatazama kisha akakimbilia daladala, nawe ukapanda. Sasa unaniuliza: "Mama, nimekuwa mtu wa namna gani?"

Mimi nina usiku wangu. Ulikuwa darasa la pili. Mke wa jirani alikuwa anapigwa, kilio kinasikika mtaa mzima. Nikaamka, nikajifunga kanga, nikavaa ndala mguu mmoja, nikasimama mlangoni. Kwa majirani taa zinawaka. Nikajisemea, balozi wa nyumba kumi lazima amesikia, atakwenda. Sikutoka. Asubuhi bombani kila mwanamke alisema lilelile: nilijua mwenzangu ameshakwenda. Nyumba kumi tulikuwa macho, na yule mama alikuwa peke yake.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwaweka wanafunzi kila mmoja chumba chake, wakizungumza kwa vipaza sauti. Ghafla mmoja akasikika anashikwa na kifafa; kumbe ni sauti iliyorekodiwa. Kati ya walioamini ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31 tu. Na hapa soma polepole, mwanangu: waliobaki ndani hawakuwa watu wasio na huruma. Wengi walikutwa mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho. Mzigo waliugawa kwa watu wasiowaona, fungu la kila mmoja likawa dogo mno kumwinua kitini.

Tena tunasomana nyuso. Wanasaikolojia hao hao walipenyeza moshi chumbani watu wakijaza fomu. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walikwenda kutoa taarifa. Aliyekaa na wawili walioagizwa wasijali, ni mmoja tu kati ya kumi. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakaendelea kujaza fomu. Pale kituoni uliwatazama wenzako ujue kama ni jambo zito, nao walikuwa wanakutazama wewe.

Sikuandikii ili ujisamehe haraka. Ule usiku mimi bado unaniuma. Nataka ujue pa kushika siku nyingine: usipaze sauti kwa umati, "jamani, msaidieni!" Umati hauna masikio. Mnyooshee mtu mmoja kidole: "Kaka mwenye shati la bluu, shika miguu. Dada, ita bajaji." Ukishamtaja, hana tena wa kumwachia. Na wewe uwe umeshapiga magoti, maana anayeinama wa kwanza ndiye anayewaambia wengine kwamba jambo ni zito.

Kesho shuka mapema, umuulize mama lishe wa pale kituoni mzee alipelekwa wapi. Wao huwa wanajua. Ukipata habari zake nipigie, hata iwe usiku.

Mama yako